Zamu, raundi, kinga, pointi: maneno ya Dungeons & Dragons tuyaiteje kwa Kiswahili?

MezaYaNjiro (Arusha)

Habari zenu wakuu. Tuko sita, mwendeshaji mmoja (Dungeon Master) na wachezaji watano, tunacheza mchezo huu wa mezani wa kuigiza wahusika kwa hadithi na dadu, Njiro kila Jumamosi kuanzia saa nane mchana. Kanuni ni za toleo la tano la Dungeons & Dragons, zile za hati ya bure iitwayo SRD 5.1, iliyowekwa chini ya leseni ya Creative Commons mwaka 2023, na mezani tunaongea Kiswahili tu. Nataka kuchapa karatasi moja ya maneno, mbele na nyuma, kila mchezaji awe nayo mkononi. Kabla sijaipeleka steshenari naomba msaada wenu, maana maneno tuliyoyazoea yanagongana.

Raundi: mtu mmoja akicheza tunasema ni raundi yake, wote wakimaliza nako tunasema raundi imeisha.

Pointi: uhai ni pointi, uzoefu ni pointi, nguvu 16 nayo ni pointi. Mchezaji mgeni akiambiwa "una pointi tatu" anauliza za nini.

Kinga: tunaitumia kwa AC (namba anayoilenga anayekushambulia), tunaitumia mtu anaporusha dadu kukwepa moto, na tunaitumia tena kwa kiumbe asiyedhuriwa na sumu.

Leveli: kuna ya mhusika, kuna ya tamko la kichawi, na kuna ile ya kushuka chini ya ardhi.

Halafu kuna kampeni. Ukimwambia mtu "Jumamosi tuna kampeni" anafikiria wagombea na majukwaa.

Ninyi mnayaitaje? Na vile vifupisho vya Kiingereza kwenye karatasi ya mhusika viachwe au vigeuzwe vyote?

---

Kiboriloni_d20 (Moshi)

Mkuu, kabla ya kuchagua neno lolote jiulize kitu kimoja: mchezaji akilisikia, atajua nani anashika dadu? Neno lisilojibu hilo litavuruga meza hata likiwa Kiswahili sanifu kabisa.

Anza na zamu na raundi, kwa sababu hapo ndipo hasara ni kubwa. Zamu ni ya mtu mmoja. Raundi ni zamu za wote walio kwenye pambano, maadui wakiwemo, na ndani ya hadithi raundi nzima ni sekunde 6. Tamko la dakika 1 kwa hiyo hudumu raundi 10. Sasa chukua pambano la wahusika wawili na maadui watatu. Meza inayoita kila kitu raundi itahesabu "kumi" baada ya zamu kumi, ambazo ni raundi mbili tu, sekunde 12. Tamko linakatwa likiwa bado na raundi nane, na mwenye tamko anaamua halina kazi na haliandai tena. Kosa la neno limegeuka kosa la mchezo. Tena kanuni nyingi zimeandikwa "hadi mwisho wa zamu yako inayofuata". Hiyo si sawa na mwisho wa raundi, na tofauti yake mara nyingi ni shambulio zima.

Ndani ya zamu mtu ana mwendo, tendo moja, na tendo la nyongeza ikiwa tu fani yake (class) au tamko lake limempa. Wengi wanadhani tendo la nyongeza ni haki ya kila mtu kila zamu. Sivyo. Kisha kuna mwitikio, ambao unaweza kuutumia kwenye zamu ya mwingine, kwa mfano adui anapokukimbia ukiwa umesimama naye. Ni mmoja tu, na unarudi zamu yako inapoanza.

Kuhusu kinga, umetaja mambo matatu yaliyopewa jina moja, na lipo la nne la jirani. Sisi tumeyatenga hivi:

Ulinzi ni AC. Ni namba iliyotulia kwenye karatasi. Anayerusha dadu ni anayeshambulia, wewe umekaa tu. Bila deraya ulinzi ni 10 pamoja na nyongeza ya Wepesi, deraya ya ngozi ni 11 pamoja na Wepesi, ya minyororo ni 16 bila Wepesi, na ngao inaongeza 2. Ndiyo maana nakusihi usiuite "ngao": ngao ni kifaa, mtu anaweza kuidondosha.

Kujinusuru ni pale anayeshambuliwa ndiye anarusha dadu. Neno lenyewe ni kitenzi kinachomrudia mtendaji, kwa hiyo mwendeshaji akisema "jinusuruni kwa Wepesi", kila mtu ananyoosha mkono kwenye dadu bila kuuliza.

Ustahimilivu ni kupata nusu ya madhara ya aina fulani.

Kinga ibaki kwa kutodhurika kabisa, madhara sifuri. Hapo ndipo Kiswahili cha kila siku kinapoliweka tayari, kama kinga ya mwili na kinga ya chanjo.

Mfano mmoja unayaonyesha. Mwanazuoni (wizard) wa ngazi ya 5 mwenye Akili 16 anarusha tamko la tufe la moto. Madhara ni 8d6, yaani dadu nane za pande sita, wastani 28. Kizingiti cha kujinusuru ni 8, jumlisha umahiri (proficiency) 3, jumlisha nyongeza ya Akili 3, jumla 14. Zile dadu nane zinarushwa mara moja kwa wote waliomo, asirushiwe kila mmoja zake. Aliyeshindwa kujinusuru anapata 28. Aliyefaulu anapata 14. Aliyefaulu na ana ustahimilivu wa moto anapata 7, kwa sababu nusu ya kujinusuru inatangulia kisha ya ustahimilivu inafuata. Mwenye kinga ya moto anapita katikati kama hakuna kitu. Ulinzi wa mtu hauulizwi popote hapo, hata awe na deraya ya chuma mwili mzima. Meza inayoita yote "kinga" haiwezi kueleza hilo bila ubishi.

Angalizo kwa anayepakua nakala za zamani: kabla ya toleo la tatu la mwaka 2000, ulinzi ulikuwa unahesabiwa kinyume, namba ndogo ndiyo bora. Ukikuta kiumbe mwenye ulinzi wa hasi 2 usidhani ni kosa la chapa. Usichanganye tu na toleo la tano.

---

Binti_wa_Themi (Arusha)

Nakubaliana na kaka wa Kiboriloni kuhusu ulinzi na kujinusuru. Mimi niongeze majina ya watu na vitu, maana kamusi inaweza kukuponza hapo.

Mwendeshaji mmepatia. Msimulizi linafanya wachezaji wakae kimya wasubiri kusimuliwa. Refa kila mtu analielewa kwa sababu ya mpira, lakini refa hachezei upande wowote, na huyu wa kwetu ndiye anayewaigiza maadui, wenye duka, walinzi wa lango na kila asiye na mchezaji. Hao waiteni wahusika wa mwendeshaji.

Mchezaji na mhusika visikaribiane kabisa. Mchezaji ni yule aliyeshika penseli, mhusika ni yule aliyeshika upanga. Mchezaji anaweza kujua kwamba kiumbe fulani anaogopa moto kwa sababu amesoma kanuni. Mhusika wake hajui mpaka ajaribu au aulize. Kukosa kutenga hayo ndiko kunakozaa ule ugomvi wa "umejuaje?"

Kundi la wahusika msiliite chama, liiteni msafara. Mfululizo wa vikao uwe safari, na kukutana mara moja ni kikao. Hapo "kampeni" inaondoka bila kukumbukwa. Mchezo unaoanza na kuisha siku hiyohiyo tunauita kisa kimoja.

Darasa nalo liachwe shuleni. Sema fani: mpiganaji, mwanazuoni, kuhani, mnyatiaji. Nimeweka mwanazuoni kwa makusudi, kwa sababu nguvu za fani ile zinatoka kwenye kitabu na kusoma, na kuhani zake zinatoka kwa anayemwabudu. Neno mchawi kwetu lina uzito ambao mchezo huu haukukusudia. Mzazi akisikia sebuleni "mimi ni mchawi" ana haki ya kuuliza. Na kinachorushwa kiwe tamko.

Kuhusu elfu (elves) na vibeti (dwarves) na wengineo, tumieni asili. Kabila hapana, linagusa watu halisi waliokaa mezani. Hata wachapishaji wenyewe katika toleo la 2024 waliacha neno lao la zamani la mbari wakachukua la spishi.

Sehemu ya chini ya ardhi msiifanye gereza, ingawa kamusi itawapeleka huko. Iiteni handaki. Watu wa Kilimanjaro wanajua mahandaki ya Wachagga kule Marangu, yaliyochimbwa kujificha wakati wa uvamizi: mlango mwembamba, njia ya kuinama, vyumba pembeni, mahali pa kumvizia anayeingia. Ukisema handaki mchezaji anaanza kuuliza maswali sahihi mwenyewe. Dari lina urefu gani? Moshi unatokea wapi? Kuna njia ya pili? Na kushuka kuwe ghorofa: ghorofa ya kwanza chini, ya pili chini. Leveli moja imepungua.

---

DaftariLaHesabu (Arusha)

Habari. Nina mtazamo tofauti kidogo na wenzangu kuhusu karatasi yenyewe. Mdomoni semeni Kiswahili chote, ila kwenye karatasi ya mhusika acheni AC, HP, XP na DC kama zilivyo. Programu za simu, karatasi za kupakua na maelezo ya viumbe vyote viko kwa vifupisho hivyo. Mchezaji aliyezoea ulinzi bila kuijua AC atakwama siku atakayofungua orodha ya viumbe peke yake. Kwa hiyo kwenye orodha yako weka kifupisho kushoto, neno la kusema kulia.

Pointi ifuteni kabisa. HP ni uhai. XP ni uzoefu: mhusika anafika ngazi ya 2 akiwa na uzoefu 300, ngazi ya 3 akiwa na 900. Zile namba sita kubwa ni alama. Kinachotoka kwenye alama ni nyongeza. Hapa pana kosa la kila mchezaji mgeni: anarusha dadu, anajumlisha 16 badala ya 3. Nyongeza hupatikana kwa kutoa 10 kwenye alama, kugawa kwa 2, na kushusha panapobaki nusu. 16 inatoa 3, 17 nayo inatoa 3, 10 na 11 zinatoa sifuri. Kushusha maana yake kwenda chini kweli, hata kwenye hasi: alama 9 inatoa hasi 1, si sifuri. Kwenye karatasi andikeni nyongeza kwa herufi kubwa na alama kwa ndogo pembeni, maana alama haitumiki karibu popote baada ya kuundwa mhusika.

Sifa sita zenyewe: Nguvu, Wepesi, Siha, Akili, Utambuzi, Haiba. Herufi za kwanza N, W, S, A, U, H hazigongani, zinatosha kuandika kwenye kona. La tano ndilo nalitetea. Wengi wanaandika Hekima, kisha mhusika wa hekima 8 anachezwa kama mjinga na wa hekima 16 kama mzee wa busara. Lakini sifa hiyo mezani hutumika kuona, kusikia, kusoma uso wa mtu, kufuata nyayo na kutuliza mnyama. Huo ni utambuzi. Kukumbuka historia na kuchunguza ushahidi ni kazi ya Akili.

DC iite kizingiti. Kumi ni rahisi, 15 ya kati, 20 ngumu, 25 ngumu sana. Semeni "kufikia kizingiti", msiseme "kuvuka". Kwa kanuni hii jumla ikilingana na kizingiti umefaulu, na ikilingana na ulinzi shambulio limepata. Nimesisitiza kwa sababu neno kuvuka linamfanya aliyepata 15 juu ya 15 adhani ameshindwa, na kwenye d20 (dadu ya pande ishirini) hiyo ni nafasi moja kati ya 20 inayopotea kila mara.

Ngazi na daraja. Mhusika ana ngazi, 1 hadi 20. Tamko lina daraja, 0 hadi 9. Ukisema leveli kwa yote mawili, mwanazuoni wa leveli 3 atataka kurusha tamko la leveli 3, na huo ni ubishi wa nusu saa. Tufe la moto ni la daraja la 3, na mwanazuoni analifikia akiwa ngazi ya 5.

---

MezaYaNjiro (Arusha)

Asanteni sana, nimeandika yote. Ulinzi, kujinusuru, ustahimilivu, kinga: hapo tu nimeshapata faida. Utambuzi naubeba pia.

Maswali mawili yamebaki. Tunavyotumia ni vidadu vya ludo, pande sita, na wachezaji wawili wanasema tuziite kete. Je, d20 tunaipataje bila kutegemea simu? Na kurusha dadu mbili ukachukua kubwa, mnasemaje?

---

Mrusha_Dadu (Moshi)

Kete usiitumie kwa hilo. Kwenye bao kete ni zile mbegu unazozisambaza, 64 kwa bao la Kiswahili, na kwenye ludo ni zile unazozisogeza. Kwa hiyo mezani kwenu kete iwe kitu cha kuwekwa juu ya ramani. Kizibo cha soda ni kete nzuri sana, bandika namba kwa karatasi ya gundi. Ramani yake usiichore kwa mraba wa inchi 1 unaotajwa kwenye mitandao, kizibo kina upana wa karibu sentimita 3 na viwili vya jirani vitapandana. Chora mraba wa sentimita 3.5. Kila mraba ni futi 5 za mchezo, hivyo mwendo wa futi 30 ni miraba 6, na tufe la moto lenye nusu kipenyo cha futi 20 linafika miraba 4 kila upande kutoka katikati.

Kinachorushwa ni dadu. Tena ile herufi d ya d20 inatufaa bila kuguswa, dadu nayo inaanza na d. 3d6 isomwe "dadu tatu za sita".

d20 kwa vidadu vya ludo: chukua viwili vya rangi tofauti, mathalani chekundu na cheupe. Chekundu kinatoa 1 hadi 5, kikitoka 6 rusha tena hichohicho. Cheupe kikitoka 1 usiongeze kitu, 2 ongeza 5, 3 ongeza 10, 4 ongeza 15, na 5 au 6 rusha tena hichohicho. Chekundu 4 na cheupe 3 ni 14. Kila namba kutoka 1 hadi 20 ina nafasi sawa, asilimia 5.

Kuna wanaorusha vidadu vitatu na kujumlisha wakisema inakaribia. Haikaribii. Vitatu vinatoa 3 hadi 18, na namba 10 peke yake inatokea mara 27 kati ya 216 wakati 18 inatokea mara moja. Ishirini haipo kabisa. Mashambulizi yote yatakwama katikati na nyongeza ndogo itakuwa na nguvu kupita kiasi.

Nyingine ni nyepesi. d4: kimoja, rudia 5 na 6. d8: d4 hiyo, kisha cha pili kikiwa shufwa ongeza 4. d10: 1 hadi 5, cha pili shufwa ongeza 5. d12: 1 hadi 6, cha pili shufwa ongeza 6.

Karata nazo zinafaa kwa d20: toa ree hadi kumi za kopa na ree hadi kumi za shupaza, ree ihesabiwe 1, shupaza iongezewe 10. Lakini karata iliyovutwa irudi na zichanganywe kabla ya kuvuta tena. Ukiiacha nje, ishirini ikishatoka haitatoka tena mpaka karata ziishe, na wachezaji wenye kumbukumbu nzuri wataanza kuhesabu.

Kurusha mbili na kuchukua kubwa tunaita nafuu, kuchukua ndogo tunaita tabu. Si kujumlisha. Nafuu tatu bado ni nafuu moja, na nafuu yoyote ikikutana na tabu yoyote zinafutana zote, hata ziwe nafuu tatu kwa tabu moja. Kwa ukubwa wake: mpiganaji wa Nguvu 16 na umahiri 2 anajumlisha 5, na adui aitwaye gobilini ana ulinzi 15, kwa hiyo dadu inatakiwa itoe 10 au zaidi. Kawaida ni asilimia 55. Kwa nafuu ni karibu 80. Kwa tabu ni 30. Kwa vidadu vya ludo, nafuu ni kuunda d20 nzima mara mbili. Usirushe chekundu mara mbili na cheupe mara moja, hiyo si hesabu yake.

Dadu ikionyesha 20 yenyewe kabla ya kujumlisha chochote tunasema "ishirini tupu", na hiyo ni kufaulu moja kwa moja.

---

Kiboriloni_d20 (Moshi)

Mrusha_Dadu, hapo mwisho pafafanuliwe kabla mkuu hajachapa. Kwa SRD 5.1 ishirini tupu inafaulu moja kwa moja kwenye shambulio tu, na moja tupu inakosa moja kwa moja kwenye shambulio tu. Kwenye jaribio la stadi au kujinusuru, 20 ni namba kama nyingine: jumlisha, linganisha na kizingiti. Mwenye Nguvu 8 akipata 20 tupu kuinua jiwe la kizingiti 25 ana 19, jiwe halijanyanyuka.

Ishirini tupu ya shambulio pia inaleta pigo kuu, na watu wanalihesabu vibaya. Zinazoongezeka maradufu ni dadu za madhara, nyongeza inabaki moja. Upanga wa d8 na nyongeza 3 unakuwa 2d8 na 3, hauwi d8 na 3 mara mbili. Wastani ni 12 badala ya 15.

---

Mrusha_Dadu (Moshi)

Kweli kaka, nimeandika kwa haraka. Ni shambulio tu. Isipokuwa mhusika aliye kwenye uhai 0, anayerusha d20 kila mwanzo wa zamu yake: 10 na kuendelea ni hatua ya kupona, chini ya 10 ni hatua ya kufa, tatu za upande mmoja zinaamua. Hapo 20 tupu inamrudishia uhai 1 papo hapo, na 1 tupu inahesabiwa hatua mbili za kufa. Hizo hatua tatu hazihitaji kufuatana. Weka visanduku vitatu na vitatu kwenye karatasi.

---

Binti_wa_Themi (Arusha)

Mkuu wa Njiro, kwa kuwa una kurasa mbili, mbele weka ya kurusha dadu: jaribio, shambulio, kujinusuru, na mbele ya kila moja andika anayerusha na namba anayoilenga. Jaribio, anayejaribu, kizingiti cha mwendeshaji. Shambulio, anayeshambulia, ulinzi wa adui. Kujinusuru, anayeshambuliwa, kizingiti cha tamko. Zamu na raundi zifuate hapohapo. Nyuma weka sifa sita, ngazi na daraja, na maneno ya tabia ya meza.

Hayo ya tabia usiyasahau, ndiyo yanayolinda watu. Kuburuza ni pale mwendeshaji ameshaamua kitakachotokea, na kila njia wanayochagua wachezaji inarudi palepale. Kikao sifuri ni kikao cha kukubaliana kabla ya safari kuanza: ni mambo gani hayataguswa kwenye hadithi, mhusika anaweza kufa au la, asiyekuja mhusika wake anaendeshwa na nani. Kanuni za kwetu ni zile mlizojitungia, na ziandikwe, kwa sababu kanuni isiyoandikwa hubadilika katikati ya pambano na anayeumia ni mchezaji aliyepanga zamu yake kwa kuitegemea.

Na pumziko muyatenge mawili. Pumziko fupi ni saa 1 ya ndani ya hadithi, mtu anatumia dadu zake za uhai kujitibu. Pumziko refu ni saa 8, uhai wote unarudi na nafasi za matamko zinarudi. Mwanazuoni akisikia "tumepumzika" bila fupi wala refu, atajirudishia matamko yote.

---

DaftariLaHesabu (Arusha)

Jambo la mwisho kuhusu kuchapa. SRD 5.1 iko chini ya leseni ya Creative Commons inayoruhusu kutafsiri, kunakili na hata kuuza, kwa sharti la kutaja ilikotoka. Maneno ya kutaja chanzo yameandikwa tayari mwanzoni mwa hati yenyewe. Yanakili chini ya ukurasa wa nyuma, kisha ongeza kwamba umetafsiri na kubadilisha, maana leseni inataka mabadiliko yatajwe. Ukishafanya hivyo unaweza kuwapa hata meza nyingine za Arusha na Moshi.

Umbali wote uandike kwa miraba, futi ziwe pembeni kwa herufi ndogo. Tamko la futi 60 andika miraba 12. Wakati wa pambano mchezaji anahesabu kwa kidole kwenye ramani, na kidole kinapita kwenye miraba.